Mhariri, ripoti za waangalizi wa meli za uvuvi zinaishia wapi?

Ndugu Mhariri,

Salaam. Miezi hii kila nikifungua gazeti lako nakuta habari ya uchumi wa buluu, mara bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, mara boti za mkopo, mara TAFICO, lile shirika la uvuvi la serikali, limefufuliwa na litakuwa na meli zake, na mi sina ugomvi na hayo, mtu wa pwani atachukiaje bandari. Ila kuna watu sijawaona wakitajwa hata kwenye aya moja, nao ni wale vijana wanaopandishwa kwenye meli za bahari kuu kwenda kuangalia kinachovuliwa, yani waangalizi, maobzeva kama wanavyoitwa kule gatini. Hiyo kazi nimeifanya mpaka mgongo uliponikatalia. Naomba nafasi kidogo, na ukiona ndefu punguza tu, ila usiniguse kule kwenye habari ya ripoti maana ndo nilichokujia.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, meli inayovua jodari kwenye ukanda wetu wa kiuchumi, ule unaokwenda mpaka maili 200 za baharini, haionwi na mtu. Simama Nungwi, simama Ras Mkumbuu, hata ukwee mnara wa taa, huoni kitu. Kuna chombo cha satelaiti kinachofungwa melini, kile cha VMS, kinaonyesha meli iko wapi na inakwenda kwa kasi gani, basi, kilichopanda juu ya deki hakikijui. Kuna na lokibuku ya nahodha, daftari anamoandika alichovua, na lokibuku inasema kile nahodha alichotaka iseme. Aliyebaki ni mwangalizi peke yake, kijana mmoja na kalipa yake ya kupimia samaki na fomu zake katikati ya watu ishirini na kitu ambao wote mshahara wao unatoka kwa mwenye meli.

Sheria zipo, tusije tukasema hazipo. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, hii IOTC yenye makao yake Victoria kule Shelisheli, ambayo Tanzania imejiunga tangu 2007, ilipitisha azimio namba 11/04 mwaka 2011 na baadae likafanyiwa marekebisho. Msingi wake ni kwamba meli za urefu wa mita 24 kwenda juu, na hata zilizo fupi zaidi kama zinavua nje ya maji ya nchi yao, kila nchi ihakikishe angalau asilimia 5 ya mitego yao inashuhudiwa na mwangalizi. Asilimia tano. Kwa hiyo kati ya mara mia meli zinapotandaza kamba, mara tisini na tano hakuna aliyeona zaidi ya wenyewe wenye kazi yao. Na hata hiyo tano Kamati ya Sayansi ya tume yenyewe imelalamika miaka nenda rudi kwamba nchi nyingi haziifikishi. Wenzetu Pasifiki ya magharibi na kati wao tangu 2010 meli zote za nyavu za kuzungushia zinatakiwa ziwe na mwangalizi, asilimia mia, ukiacha kipindi cha Korona waliposimamisha, ingawa kwa meli za mishipi nao wako palepale kwenye tano.

Haya, mi leo sikuja kudai ipandishwe iwe ishirini au thelathini, ingawa ikipandishwa nitachinja kuku. Shida yangu ni hii tano iliyopo, ile karatasi ambayo kijana ameiandika kwa shida zote zile, inakwenda wapi.

Ngoja kwanza niseme inavyoandikwa maana wengi wanadhani mwangalizi ni mtu wa kukaa juu na darubini. Meli ya mishipi, longilaini kwa lugha ya mabaharia, inatandaza kamba kuu moja inayoweza kuzidi kilomita 100, imening'inizwa ndoano elfu tatu hivi, kila moja na chambo chake cha ngisi au vibua. Kutandaza kunaanza alfajiri, kuvuta kunaanza mchana unapoegemea na kunakwenda mpaka usiku mkubwa, kuna siku jua linachomoza bado watu wako kwenye kamba. Mwangalizi anasimama karibu na ule mlango wa ubavuni samaki wanapoingilia, na kila anayepanda unaandika ni samaki gani, kaja hai au kafa, kachukuliwa au katoswa, unampima kwa kalipa kuanzia ncha ya pua mpaka pale mkia unapogawanyika, kama ni papa unamgeuza uangalie ni dume au jike, na vidole vyako vimelowa na penseli imelowa na meli inalala huku na huku. Na lazima uwe mwepesi, kwa sababu jodari akishapanda anachomwa kichwani hapohapo, anatolewa matamvua na matumbo, anakatwa mkia na anapelekwa friza la nyuzi 60 chini ya sifuri, akishaingia mle huna samaki tena, una gogo. Na uzito anaouandika nahodha mara nyingi ni wa yule aliyeshatumbuliwa, wakati wanaotaka kujua samaki wangapi wametoka baharini wanahitaji uzito wa samaki mzima, sasa hapo kama hakuna aliyeandika vyote viwili tani zinapotea bila mtu kuiba hata samaki mmoja. Ndo maana azimio linamtaka mwangalizi akusanye habari za kuhakiki lokibuku, aina, kiasi, uzito mzima na uzito uliotengenezwa, na mahali.

Kwenye papa ndo kwenye moto. Kuna papa ambao ni marufuku kabisa kuwaweka melini katika eneo la tume, papa mkia mrefu wote, na yule papa wa bahari kuu mwenye mapezi ya duara yenye ncha nyeupe, huyu azimio lake ni la 2013. Akija hai anaachiwa, akija kafa anarudishwa baharini, hauzwi, haliwi. Ruhusa pekee ni ya mwangalizi, anaweza kumkata aliyekwisha kufa akachukua vipande vya uti wa mgongo kwa ajili ya wanasayansi, maana umri wa papa unasomwa kwenye pingili zake. Sasa jaribu kumweleza hilo baharia aliyekaa miezi minane hajagusa ardhi, anakuona we unakata papa unafunga kwenye mfuko, yeye akigusa pezi unaandika.

Nilishawahi kusimamishwa kalamu. Meli siitaji, bendera siitaji na wakala aliyenipeleka naye simtaji. Walipanda papa wa ncha nyeupe wawili katika mvuto mmoja, mapezi yakaondoka, nikaandika. Nahodha akashuka kutoka juu kwake, hatukuwa na lugha moja mi na yeye zaidi ya namba na majina ya samaki, akaweka kidole juu ya mstari wangu kwenye fomu alafu akapunga kiganja kushoto kulia, hamna. Hakukasirika wala hakupiga kelele, alitabasamu kabisa. Jioni ile sahani yangu ikaja na nyama, na kabla ya hapo nyama nilikuwa naisikia harufu tu kutoka meza ya maofisa, wakati azimio limeandika wazi kwamba mwangalizi apewe chakula na malazi ya kiwango cha maofisa pale inapowezekana. Tulipofika gatini gunia la samaki likatangulia kushuka kabla yangu limeandikwa jina langu kwa wino mwekundu, na wakala amesimama pale anacheka, "kitoweo cha watoto hicho." Nikawaachia makuli. Mstari wangu kwenye fomu ulibaki.

Lakini mhariri, hebu niambie, ni nani aliyekuja kuniuliza kuhusu ule mstari? Hakuna. Nilikabidhi fomu kwa wakala, yule yule wa gunia, kwa sababu ndiye niliyeelekezwa kumkabidhi, nikasaini, nikasubiri pesa yangu mpaka ikachosha, nikaulizia ripoti nikaambiwa imeshatumwa. Imetumwa kwa nani sikuambiwa. Na pesa inatoka kwa wakala, na wakala kwa upande wangu alikuwa analipwa na kampuni ya meli, ni msimamizi wa mtihani anayelishwa na kulipwa nauli na mtahiniwa, alafu karatasi ya nani kaibia nani anamkabidhi mtahiniwa ampelekee mwalimu.

Kwenye maandishi njia ya ripoti ni hivi. Mwangalizi akimaliza safari ana siku 30 kupeleka ripoti yake kwa nchi ya meli, yani nchi ya bendera, ile meli ilikosajiliwa. Nchi ya bendera nayo inatakiwa iitume kwa katibu mtendaji kule Shelisheli ndani ya siku 150 ikichelewa sana. Alafu kamati ya sayansi itaiona ikiomba. Kuna na sentensi moja mwishoni kabisa ambayo naomba kila mbunge wa pwani aikariri, kwamba kama meli ilikuwa inavua ndani ya ukanda wa kiuchumi wa nchi ya pwani, ripoti hiyo ipelekwe vilevile kwa nchi hiyo ya pwani. Ndo sisi hao! Meli ikivua mashariki ya Mafia, ripoti ya mwangalizi wake ni haki yetu, hata kama mwangalizi si Mtanzania na bendera ni ya huko mbali.

Sasa siku 150 ni miezi mitano. Ndani ya miezi mitano samaki wameshauzwa, wameshaliwa, meli imeshabadilisha nahodha na pengine na jina. Kwa mwanasayansi anayetafuta mwenendo wa miaka kumi sawa, hana haraka. Kwa afisa anayetaka kujua kama ile meli iliyoomba leseni tena mwezi ujao ilikata mapezi safari iliyopita, hiyo ripoti haimsaidii kitu. Watu wanaikumbuka meli ya Tawariq 1 ya mwaka 2009 na karibu tani 300 za jodari, samaki wa Magufuli, na wengine wanaikumbuka Buah Naga 1 ya 2018 na mapezi yake ya papa. Zote mbili zilinaswa kwa doria na ukaguzi, watu wakapanda juu wakafungua friza. Doria ni mafuta, ni meli za kukodi au za kuazima kwa wenzetu, huwezi kufanya kila wiki. Karatasi ya mwangalizi ni rahisi kuliko vyote na ndo tunayoichezea.

Nilipoona fomu za wenzetu wa Pasifiki nilitamani kulia. Wana fomu moja, wanaiita GEN-3, inajazwa mwisho wa safari, ni maswali ya ndiyo au hapana. Je, kuna aliyekushambulia, kukuzuia, kukutisha au kukuingilia kazi? Je, ulinyimwa chakula au malazi yanayostahili? Na kuna swali moja limekaa pale kama halina maana, je, uliombwa usiandike tukio lolote? Swali hilo likiwemo kwenye fomu, yule nahodha na kiganja chake tayari ana kesi ya kujibu, hata kama papa wenyewe ushahidi wao umeshazama. Lisipokuwemo, kijana anabaki nalo moyoni, maana fomu za samaki hazina safu ya kuandika "alitabasamu akapunga mkono." Na kule mwangalizi akishuka anakaa na mtu aliyesomea kazi hiyo anapitia naye fomu moja moja, hii namba mbona haiendani na ile, hapa siku tatu hukuandika kitu ulikuwa unaumwa au ulifungiwa. Nahodha naye ana haki ya kuiona ripoti na kuongeza maelezo yake, sipingi, mtu asihukumiwe bila kusikilizwa, ila kuiona ripoti iliyokwishafika ofisini ni tofauti kabisa na kuishika ya kwanza mkononi.

Kuna watakaosema ah, kwani kijana si anaweza kuandika tu ukweli na kunyamaza mpaka ashuke. Anaweza, ila ashuke kwanza. Septemba 2015 Mmarekani Keith Davis alipotea akiwa anasimamia uhamishaji wa samaki kutoka meli moja kwenda nyingine huko Pasifiki, mtu mzoefu kabisa wa kazi hii. Julai 2019 Mghana Emmanuel Essien alipotea kwenye meli ya Meng Xin 15, na kwa taarifa zilizochapishwa alikuwa ameshapeleka kwa wakubwa ripoti yenye video ya samaki wakitupwa baharini. Machi 2020 Eritara Aati Kaierua wa Kiribati akakutwa amekufa kabini kwenye Win Far 636, na alikufaje watu wamebishana miaka. Oktoba 2023 ni Ghana tena, Samuel Abayateye, kwenye Marine 707, wiki kadhaa mbele ukaokotwa mwili ufukweni na familia ikasema ni wake. Sisemi nani kaua nani, sina ushahidi. Ila ukiwa peke yako kwenye kabini isiyofungwa kwa ndani na nahodha anajua umeandika nini, majina haya unayakumbuka usiku bila kupenda.

Wenzetu wa Pasifiki waliandika sheria mwaka 2016, mwangalizi akipotea au ikidhaniwa kaanguka baharini meli inaacha kuvua palepale, inaanza kutafuta, na inatafuta kwa angalau saa 72 isipokuwa kaonekana mapema au nchi ya bendera imeelekeza vingine. Saa 72 bila ndoano majini ni hasara kubwa kwa mwenye meli, na hiyo hasara ndo ulinzi wenyewe, nahodha atakuwa wa kwanza kuuliza yule kijana yuko wapi mbona hajaja kula. Wanapewa pia kifaa kidogo cha satelaiti cha kutumia meseji, cha kwake mwenyewe, hakipiti kwenye redio ya nahodha. Kwenye makaratasi niliyowahi kusaini mimi sikuona saa 72 wala hicho kifaa. Simu ya meli ilikuwa chumba cha nahodha na kuipiga unaomba.

Najua jibu linalokuja, kamera. Tume yetu mwaka 2023 imepitisha viwango vya ufuatiliaji kwa kamera, na kweli kamera hailali, haiumwi bahari, haipewi gunia. Zije tu. Ila nimekaa kwenye zile deki, kioo cha kamera kinashika mafuta na magamba kwa nusu siku na anayetakiwa kukifuta ni baharia wa mwenye meli. Kamera haimgeuzi papa kuangalia dume au jike, haichukui pingili, na gizani jodari mdogo wa mapezi njano na jodari macho makubwa hata sisi wenye macho tunawapasua kuangalia ini ndo tunawatofautisha. Alafu swali ni lilelile, ile diski inatolewa na nani, inakabidhiwa kwa nani, nani anakaa kuiangalia, na akiona kitu anamwambia nani? Mkishindwa kujibu hilo kwa karatasi msidhani mtalijibu kwa video.

Jambo lingine linaniuma kama mtoto wa mvuvi. Lile lile azimio la waangalizi linasema na wavuvi wadogo nao wahesabiwe, wanaoshusha samaki ufukweni wapimwe na wakusanya takwimu kwenye mialo, mdogo mdogo mpaka ifike asilimia tano. Na inafanyika, nenda diko lolote asubuhi utamkuta mtu wa BMU, ile kamati ya wavuvi ya kusimamia ufukwe, au kijana wa afisa uvuvi na simu yake anaingiza namba, boti ya nani, mtego gani, kilo ngapi. Mzee ametoka usiku kuwinda jodari na mshipi wa mkono amepata wawili, anasimamishwa waandikwe, na anasimama. Hizo namba zinapanda juu. Je, zipi zinashuka? Mzee huyo anasikia tetesi tu kwamba meli kubwa ndo zimemaliza jodari, akiuliza anaambiwa hizo ni siasa. Pengine kweli ni siasa! Pengine meli zinavua mbali naye kabisa na jodari wake wamehama kwa sababu ya maji kupata joto, mi sijui, yeye hajui, na karatasi ambayo ingetusaidia kujua iko kwenye kabati la mtu.

Wakubwa watasema takwimu za meli ni siri ya biashara, mahali anapovua mtu ni mtaji wake. Sawa, na tume inayo sera yake ya usiri naiheshimu. Lakini hakuna anayeomba jina la meli wala nukta alipodondosha ndoano. Azimio lenyewe linapendekeza taarifa ziandikwe kwa miraba ya nyuzi moja kwa moja, mraba mmoja huo ni kama maili 60 za baharini kwenda juu, hakuna mshindani atakayekuibia samaki kwa kuambiwa mraba wa maili 60. Changanya meli zote pamoja, chelewesha hata mwaka, toa ukurasa mmoja. Safari ngapi zilikuwa na mwangalizi, mitego mingapi ilishuhudiwa, jodari, sansuri na nduaro walikuwa kiasi gani, papa marufuku wangapi walipanda na wangapi waliachiwa hai, kasa wangapi, na lile swali la uliombwa usiandike, wangapi walijibu ndiyo. Bandikeni pale soko la Feri, Malindi Unguja, Deep Sea Tanga, Kilwa. Sisi tunasoma.

Na wala haihitaji kusubiri mkutano wa kimataifa. Leseni tunatoa wenyewe, sheria ya uvuvi wa bahari kuu tunayo mpya ya 2020, masharti tunaandika wenyewe. Andikeni kwenye leseni kwamba kila ripoti ya mwangalizi wa meli iliyovua kwetu, mwangalizi wa nchi yoyote ile, kopi inatufikia sisi siku zile zile 30, isingoje kuzunguka kwenye bendera miezi mitano, na meli ambayo ripoti haijafika leseni yake haiongezwi. Kijana wetu akishuka, awe kashukia Dar, Mtwara au Mombasa, apokelewe na mtu wa serikali gatini, fomu zihesabiwe na kugongwa muhuri hapo hapo akiwepo, wakala asubiri nje. Pesa yake ilipwe na mfuko wa umma, kampuni ichangie kwenye mfuko, isimlipe yeye. Mengine kama kabini na chakula tutavumilia, tumezoea wali na kichwa cha samaki.

Naomba Wizara itujibu kupitia gazeti lako jambo moja tu, mwaka uliopita meli ngapi za kigeni zilivua kwenye maji yetu kwa leseni, na ripoti ngapi za waangalizi wao zimetufikia. Namba mbili tu, hata kama ya pili ni sifuri.

Jina langu kamili na namba ya simu nimekuandikia nyuma ya bahasha, tafadhali usivichapishe, nina mpwa wangu bado yuko kwenye kazi hii na anapanda tena baada ya kaskazi kutulia.

Ni mimi msomaji wako,
Mwangalizi wa zamani,
Tanga